Anza na Kurudi

Mama Yusta alifariki mwezi uliopita. Kamati ya mazishi ilipokaa uani kwake Nangara, hapa Babati, kugawana kazi, hakuna aliyejisumbua kuniuliza nataka kushika nini. "Usafiri na malazi ni Kigoda," alisema mwenyekiti, na mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele akadakia, "Mwenyewe hata Magugu hapo jirani hajafika, lakini kupanga safari anajua!" Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kanga. Nami nilicheka. Magugu nimefika, ila sikuona haja ya kubishana. Nimefikia umri wa kuachiwa kiti kabla sijakitupia jicho, na miaka yote hii nimekula kwa kupanga safari za watu wengine nikiwa nimekaa. Nimewapeleka Mlima Hanang, nimewapeleka ziwani kuona viboko, nimewapeleka Tarangire na kwenye michoro ya Kondoa, yote kutoka kwenye kiti kimoja chenye mto wa sponji ulioshachukua umbo langu. Jina la Kigoda alinipa marehemu mwenyewe. Pale kwenye kamati, kabla sijajua mabasi mangapi yangepandisha ukuta wa Bonde la Ufa kumpeleka kuzikwa kwao Dongobesh, nilijisikia nikiuliza, "Watu wakirudi kutoka kuzika, watakula nini?" Wajumbe wakatazamana. Mimi nikajua ni nani aliyekuwa akisema kwa mdomo wangu.

Mwaka alionifundisha kuuliza hivyo, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo si lazima tuyazungumze hapa. Mama Yusta alikuwa na gesti ya vyumba vichache, kuta za rangi ya maziwa ya mgando, sakafu nyekundu iliyopigwa dawa hadi wageni wakawa wanatembea kama wanaovuka mto. Alihitaji mtu wa mapokezi anayeweza kukaa. Nilipomwambia naweza, alinitazama akasema, "Hilo naliona." Mapokezi yenyewe yalikuwa meza ya shule kwenye korido, katikati ya jiko na chumba cha kulia, na kilichonitenga na chumba cha kulia ni ubao mwembamba wa siling bodi. Basi nikasikia kila kitu. Nilisikia maafisa waliohamishiwa mkoani wakilalamika kuhusu baridi ya Julai, wafanyabiashara wa mbaazi wakidanganyana bei, na wageni waliotoka msituni wakieleza tembo. Hao niliwasikiliza kwa makini. Nilichukua sikio kutoka kwa huyu, mkonga kutoka kwa yule, nikaunga nikapata tembo wangu wa mezani, na mgeni mpya akiuliza, "Kijana, huko kukoje?" nilimtoa tembo yule akatembea koridoni. Nilimweleza vizuri hivi kwamba siku moja mgeni mmoja alinipa pole kwa hatari niliyopitia. Nikapokea.

Mlima Kwaraa, wenye msitu huo, unaonekana kutoka kila mahali Babati. Mimi niliutumia kwa mambo ya nguo. Wingu likishuka hadi mabegani mwake, tunaanua. Likiwa kichwani tu, tunaacha zikauke. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya mlima ule, na iliitosha gesti.

Utaratibu wa Mama Yusta wa kupanga safari sijauona kwa mtu mwingine. Mgeni akisema anataka kwenda mahali, yeye hakuuliza mahali penyewe. Aliuliza kuhusu kurudi. "Akirudi atakuta chakula gani? Ataoga maji gani? Kitanda kimetandikwa na nani? Nani atamchukua, amsubiri wapi? Hayo yakikaa sawa, ndiyo umuulize anakwenda wapi." Na siku ya safari yeye hakutoka kabisa, hata sokoni. Alibaki jikoni na sufuria kubwa ya maji, akiichochea na kuipunguzia kuni. Nikimtania kwamba anaogopa kutembea kuliko mimi, alisema, "Wewe unakaa kwa uvivu. Mimi nakaa kwa sababu lazima awepo mtu wa kurudiwa." Sikuelewa, lakini nilifurahi kwamba kukaa kuna maelezo.

Mwalimu Theodora alishuka kwenye basi la kutoka Shinyanga mwezi Juni, mahindi yakiwa yameanza kukauka mashambani. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye kofia ya ukindu na sauti ya kuamsha darasa la mchana. Nilimsalimu, "Shikamoo, Mama." Akageuza kichwa polepole, akanitafuta, akanipata. "Marahaba. Sogea kushoto kidogo, mwanangu. Hapo. Sasa nakuona." Jioni ile, wakila perege na ugali, nilimsikia kupitia ule ubao akimweleza Mama Yusta. Ilikuwa presha ya macho. Uoni ulikuwa ukimwondoka kutoka pembeni kuja katikati, na sasa alikuwa kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alikuwa njiani kwenda Moshi kwa madaktari, na walikuwa wamemwambia kabisa kwamba wangeweza kujaribu kuzuia kilichobaki, ila hawakumwahidi.

"Nimewachorea watoto tembo ubaoni maisha yangu yote ya kazi," alisema. "Nikawafundisha ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Wakaandika, nikasahihisha. Mimi mwenyewe sijawahi kumwona hata wa mbali."

"Si uende Tarangire, Mwalimu? Gari zipo."

"Kioo cha gari sitaki, Mama Yusta. Macho yangu yenyewe ni kioo chenye ukungu, niongeze kingine? Nataka nisimame chini, alipo yeye. Siku mbili tu ninazo. Mtondo napanda basi."

Kijiko kililia kwenye sahani. Halafu Mama Yusta akaita, bila hata kupandisha sauti maana alijua nilipo, "Kigoda, umesikia?" Nikajibu kwamba sikusikia kitu, naomba arudie.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Mwalimu ziwani kwa miguu hadi pale mitumbwi inapofungwa, safari ndefu kuliko nilizozoea, na mchana nikakaa na Baba Neema kupanga msitu. Baba Neema ndiye aliyekuwa akitembeza wageni Kwaraa, mtu mfupi, mcheshi, mwenye panga na filimbi na soksi kuukuu iliyojaa majivu. Majivu aliyachota jikoni kwa Mama Yusta kila safari. Akiitikisa soksi, vumbi lake linamwonyesha upepo unakokwenda, tembo wasije wakamnusa. Alikubali kumchukua Mwalimu, kisha akajikuna. "Mimi macho yangu yanatakiwa mbele. Yeye atashikwa mkono na nani?"

Mama Yusta akanitazama.

"Na mapokezi?" nikauliza haraka. "Wageni wakija?"

"Wageni gani?"

"Wanaweza kuja."

"Kigoda," alisema Baba Neema kwa huruma ya uongo, "si wewe umeshawaona tembo wengi huko koridoni? Twende ukatusaidie kuwatambua."

Nilipanga safari ile kama mtu anayeandika wosia wake. Kwa kuwa nami nilikuwa ndani yake, suala la kurudi lilinigusa kuliko wakati mwingine wowote. Niliagiza makande ya nyama. Nilitandika kitanda cha Mwalimu, nikatandika na changu. Nilizungumza na mwenye Land Rover, nikampa mahali pa kutusubiri chini ya msitu, nikampigia tena kuhakikisha, nikampigia mara ya tatu akanizimia simu. Kibali kilikuwapo, chai ya chupa ilikuwapo, viazi vitamu vilikuwapo. Alfajiri ile Mwalimu alikaa barazani na kofia yake, mikono magotini, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Baba Neema akaja, akatazama barabara upande huu, akatazama ule.

"Gari?"

"Saa tisa," nikasema kwa fahari.

"Saa tisa ipi?"

"Ya mchana. La kuturudisha."

"Na la kutupeleka?"

Namsikia bado jogoo wa jirani aliyewika wakati ule ule. Nilikuwa nimepanga kurudi kikamilifu kutoka mahali ambapo hatukuwa na namna ya kwenda. Mama Yusta alishika nguzo ya baraza akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Jamani! Nimemfundisha nusu!" Mwenye Land Rover hakupokea simu, na sikumlaumu. Wakati Baba Neema anahesabu kama Mwalimu angeweza bodaboda, likapita trekta la mkulima wa kijiji cha Mutuka, tela nyuma limejaa akina mama waendao kuvuna mahindi upande ule wa mlima. Mama Yusta aliingia barabarani akalisimamisha kwa mwiko. Tukapandishwa. Mwalimu akawekwa juu ya magunia matupu, katikati, kama bibi harusi, na akina mama wakamuuliza anakwenda wapi. Aliposema kuona tembo, mmoja akasema, "Wamwone yeye! Sisi wametumalizia mahindi, waambie mimi Nyamka nawasalimia." Trekta lilikwenda mwendo wa ng'ombe mwenye mimba. Jua likatoka, likapanda. Baba Neema hakunilaumu. Alikuwa akitazama mlima tu, na hilo liliniuma zaidi. Alikuwa ameniambia jana yake: tembo wanakunywa alfajiri kwenye dimbwi la chini ya jabali, halafu wanapanda juu ambako Mwalimu hawezi kufika.

Tulipofika dimbwini, matope yalikuwa bado yanateremka kwenye nyayo zao. Walikuwa wameondoka muda si mrefu. Muda wa trekta. Nilimwambia Mwalimu, nikijua naelekea kulia, "Mwalimu, ni mimi niliyetuchelewesha." Akasema, "Nani mwingine? Nipeleke kwenye unyayo." Akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili ndani ya unyayo mmoja, akavipanua, havikugusa kingo. Maji yalikuwa yameanza kujikusanya ndani yake, na mawingu yamo.

Nataka kusema jambo kuhusu msitu ule, na hapa ndipo mtu wa kukaa anapata shida, kwa sababu maneno yangu yote niliyajifunzia kitini. Nilidhani msitu ni miti mingi. Tulipoanza kupanda polepole, mkono wa Mwalimu umenishika kiwiko, nilihisi tumeingia nyumbani kwa mtu. Kulikuwa na ubaridi wa ndani ya kanisa siku isiyo ya ibada. Miti ilikuwa na ndevu za kijivu zinazoning'inia, na juu kabisa hondohondo walipita, mabawa yao yakitoa sauti ya mtu anayekung'uta shuka. Baba Neema alitikisa soksi, majivu yakaelea, yakasita, yakaja upande wetu, naye akaitikia kwa kichwa. Kwenye shina moja niliona udongo mkavu umepakwa kama lipu. Niliinua mkono niuguse. Sikuufikia. Nikasimama kwa vidole vya miguu. Sikuufikia. Ni ubavu wa mnyama uliokuwa umejikuna pale, na mimi, mtu mzima niliyemwelezea mara nyingi, nilikuwa chini ya ubavu wake. Tembo wangu wa mezani alikufa pale pale. Nilijiona nimewauzia watu mbuzi mwenye masikio.

Lakini tembo wenyewe hawakuwapo. Tulitembea hadi Mwalimu akaanza kukanyaga kwa kusitasita, tukakaa tukala viazi, tukatembea tena. Hakulalamika. Mara moja tu aliuliza, "Jua liko wapi?" na Baba Neema akasema, "Limeshageuka, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Land Rover ilikuwa inatusubiri chini. Makande yalikuwa motoni. Kila kitu nilichokipanga kwa ufundi kilikuwa kinatuvuta turudi, na sijawahi kuchukia mpango wangu kama nilivyouchukia saa ile. Tukageuka.

Tulikuwa tumeshuka karibu tutoke msituni Baba Neema aliponyoosha kiganja nyuma yake. Tukasimama. Sikusikia kitu, kisha nikasikia kitu ambacho hakikuja masikioni, kilikuja kifuani, mngurumo wa chini kama gari kubwa linalosubiri. Tawi likavunjika. Soksi ikatikiswa, majivu yakaja kwetu tena, taratibu. Baba Neema akatuvuta nyuma ya mti ulioanguka, shina lake limefika vifuani mwetu. Na kwenye njia ile ile tuliyopaswa kurudia, kati yetu na Land Rover yangu, kichaka kikafunguka.

Alikuwa jike, na hakutoa sauti ya miguu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kitu kikubwa kile, na alitua kama paka anayevuka kitanda cha mgonjwa. Nyuma yake wakaja wengine, na chini ya tumbo la mmoja mtoto mwenye nywele kichwani, mkonga haujui bado kazi yake, anauzungusha kama mtoto na fimbo. Walisimama njiani. Hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Yule jike akageuza kichwa upande wetu, akatandaza masikio, na nikaona mishipa ndani yake, na mwanga wa jua ukipita katikati ya sikio kama kwenye jani.

Nilimgeuza Mwalimu mabega. Akawa anatafuta kwa lile bomba lake, juu, pembeni, hapana. Halafu mkono wake ukanibana.

"Naona mikunjo," akanong'ona. "Usinisogeze. Naona mikunjo tu. Imejaa kote." Kichwa chake kikaenda polepole. "Naona jicho. Ana kope! Ndefu." Kofia ikashuka. "Hilo ni goti? Goti." Alimpitia kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma ukuta mkubwa kwa mshumaa, na machozi yalimtoka bila yeye kuyashughulikia. Mimi nilikuwa na macho mazima na nilikuwa nimemwona tembo mzima kwa mara moja. Lakini leo, nikijaribu kumkumbuka, ni zile kope ninazoziona, nazo nilionyeshwa na yeye.

"Mwanangu," akasema, "ameenea kwenye jicho langu, simalizi. Niambie, anaishia wapi?"

Nikafungua mdomo. Miezi yote ile ya kueleza masikio na mikonga, maafisa wakiacha kutafuna kunisikiliza. Nikatafuta neno moja. Hakikutoka hata kikohozi.

Mwalimu alisubiri. Kisha akatabasamu, uso bado kule kule. "Umenyamaza," akasema. "Basi ni mkubwa kweli."

Walikaa njiani mpaka walipotaka. Hatukurudi kwa saa tisa wala kwa saa yoyote niliyoipanga, na mwenye Land Rover alinieleza alichofikiri kuhusu mimi hadi tunaingia mjini. Mama Yusta alikuwa mlangoni, mikono ina masizi hadi viwikoni. Alikuwa amepasha maji, yakapoa, akapasha, yakapoa, akapasha. Hakuuliza kama tuliona. Alimtazama Mwalimu usoni, akanitazama mimi nilivyokuwa nimefumba mdomo, akachukua ndoo na kusema, "Haya, bafuni." Nilipojimwagia kopo la kwanza, ndipo nikaelewa maana ya mtu wa kurudiwa. Kule nilikokuwa kulikuwa kukubwa mno. Kama maji yale yangekuwa ya baridi, sijui ningetuaje.

Asubuhi Mwalimu alipanda basi la Moshi. Hakutuandikia, wala sijui macho yake yaliishia wapi. Mimi nilirudi mezani kwangu na sijaingia tena msitu ule. Wananicheka kwa hilo, na wana haki. Lakini mgeni akiniuliza tembo yukoje, simwelezi tena. Namuuliza akirudi angependa kula nini.

Siku ya kumzika Mama Yusta, mabasi yalikuwa yamepangwa barabarani, injini zinaunguruma, na kila mtu alijua nitabaki. Mama wa mchele alisema, "Kigoda wetu, hata leo?" Hakujua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nataka kwenda. Nilitaka sana. Nguo za kwenda nilikuwa nimezivaa. Baba Neema, sasa anatembelea fimbo badala ya panga, alinisogelea. "Twende, bwana. Utamzika nani wewe usipomzika huyu?"

"Maji atapasha nani?"

Alitaka kucheka, akaacha. Akapanda.

Nilivua koti, nikawasha moto kwenye jiko lake, nikatandika vitanda vya waombolezaji waliotoka mbali, nikabandika makande. Maji yalichemka, nikapunguza kuni, yakapoa, nikaongeza. Wingu lilikuwa kichwani tu mwa Kwaraa. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama mabasi yakarudi, watu wakashuka na udongo mwekundu wa juu kule viatuni. Baba Neema alikuwa wa mwisho kushuka. Nilimpokea fimbo.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

Yule mtu ana maneno kuliko redio. Akafungua mdomo, akatazama mlangoni pale alipozoea kusimama mama wa watu mwenye masizi mikononi, akaufumba.

"Umenyamaza," nikamwambia.

Nikamchotea ndoo, nikaingiza mkono kuyapima. Yalikuwa ya moto.